Gari Lisilo na Paa

Mume wake hakuwahi kumpiga nyumbani. Alikuwa na neno lake moja, na alilisema polepole, mara nyingi huku akifuta miwani kwa pindo la shati: "Twende tukazungumze." Mwanamke akilisikia hilo alivua hereni, akaziweka juu ya kabati la vyombo, akabadilisha viatu, akavaa vya kubapa, akamfuata kwenye gari.

Lilikuwa gari la familia, la milango minne, rangi ya kijivu, lenye buti la kumeza mizigo ya watu watano na vioo vya giza ambavyo mume alivibandika kwa mkono wake. Aliendesha mpaka nyuma ya maghala yaliyofungwa, penye ukuta mrefu na magugu, akazima injini, akapandisha vioo, akafungua redio. Ndipo walipozungumza. Alizungumza kwa ngumi na kwa kiwiko, na siku akiwa na haraka, kwa kumshika kisogo na kumgongesha kwenye dashibodi. Alijua pa kupiga: mbavu, mapaja, kichwani penye nywele. Akimaliza alimpa kitambaa na chupa ya maji, akashusha vioo hewa iingie, wakarudi kama watu waliotoka kununua mkate.

Sababu ya kutompiga nyumbani ilikuwa mama mzazi wa mume. Bibi huyo aliishi nao, chumba cha karibu na jiko, na jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa tangu ujana wake. Marehemu mumewe alilipasua kwa mguu wa stuli. Mwanawe aliyaona hayo akiwa mtoto, na siku walipomzika baba alimwapia mama yake kaburini kwamba katika nyumba atakayoishi yeye, hakuna mwanamke atakayeinuliwa mkono. Kiapo hicho alikishika neno kwa neno. Nyumbani hakuinua mkono. Kipigo cha kwanza kilikuja binti yao alipokuwa na miaka sita, na mambo yakaenda hivyo kwa miaka saba.

Huko nje watu walimwita Mkaguzi. Kazi yake ilikuwa kukagua mizani ya wafanyabiashara, duka kwa duka, bucha kwa bucha, akiwa na mkoba wa ngozi uliojaa mawe ya shaba ya kupimia. Alisifika kwa mawili: hali rushwa, na hapandishi sauti. Wauza nyama walimchukia kwa heshima.

Mkewe alikuwa fundi wa meno ya bandia. Wagonjwa hawakumjua sura, maana alikaa chumba cha nyuma cha kliniki, chumba kisicho na dirisha, tundu la feni tu, rafu zake zimejaa kalibu za plasta zilizofunua midomo kama watu walioambiwa jambo la ajabu. Siku nzima alichonga nta, akamimina plastiki ya rangi ya ufizi, akang'arisha meno kwenye mashine mpaka vumbi jeupe linamjaa kope. Wenzake walimwita Fundi, basi. Angeweza kumwona mtu amecheka mara moja barabarani, akakuambia lipi kazaliwa nalo na lipi kalinunua. Mwaka uliotangulia, dashibodi ilipomvunja meno mawili ya mbele, alisema ameteleza bafuni. Wiki nzima alitumia saa yake ya chakula kujitengenezea mawili mengine. Yalikaa sawasawa, huwezi kuyatofautisha. Mumewe aliyatazama, akasema, "Umejitahidi."

Wazo la kubadilisha gari lilimjia Fundi kutoka kwa mzee mmoja dalali wa magari yaliyotumika. Jina lake la mjini lilikuwa Kibogoyo. Alilipata zamani hana jino hata moja, na Fundi alipomtengenezea safu mbili kamili, jina halikumwachia. Sasa alikuwa Kibogoyo mwenye meno thelathini na mawili. Siku hiyo alikuja kliniki kulalamika kwamba safu ya chini inamfinya, na Fundi akatoka mwenyewe kumpima. Wakati anaikwangua pembeni, mzee akawa anapiga soga.

"Nimeletewa gari la wazi, Fundi. La viti viwili, halina paa. Linanijazia uwanja miezi minane. Vijana wanakuja wanapigia picha, wanaondoka. Nani anataka kuendesha huku watu wanamwona mpaka magoti?"

Fundi aliacha kukwangua. "Wanakuona mpaka magoti?"

"Mpaka soksi. Ukikuna mguu, mji mzima umejua."

Alimrudishia meno yake, akamwambia ang'ate, ayasage. Kisha akauliza, "Unaweza kuniwekea mpaka Jumatano?"

Jumatano Mkaguzi alikuwa safarini. Kila robo ya mwaka alikwenda na gari la ofisi kukagua mizani ya miji ya mbali, siku tano, na safari hii aliondoka Jumatatu. Fundi aliomba ruhusa kazini, akachukua kadi ya gari la kijivu kutoka chini ya godoro. Kadi ilikuwa na jina lake. Yeye ndiye aliyelinunua, kabla hata hawajaoana, na alikuwa hajakaa kwenye usukani wake zaidi ya mara kumi tangu harusi.

Uwanja wa Kibogoyo ulikuwa wa changarawe, magari yamepangwa pua mbele kama yanasubiri kuitwa. La wazi lilikuwa mwisho kabisa, la kijani kilichopauka, kiti cha abiria kimepasuka na kuonyesha sifongo. Nyuma ya viti palikuwa na turubai lililokunjwa, limechanika, vyuma vyake vimepinda.

"Hilo turubai linafunga?" Fundi aliuliza.

"Ukilivuta kwa watu wawili linafika nusu."

"Ling'oe."

Kibogoyo alimtazama. "Mvua je?"

"Mzee wangu, ling'oe lote, na vyuma vyake. Nataka lisiweze kufungwa hata mtu akitaka."

Mzee alikuna kidevu. Alikuwa amefanya biashara miaka arobaini na alijua kuna mteja wa kuulizwa na mteja wa kunyamaziwa, lakini huyu alimtengenezea meno. "Fundi, lile lako la kijivu ni gari. Hili ni mchezo. Una mtoto, una mama mkwe, una mume. Viti ni viwili. Hebu nieleze."

Fundi alikwenda kwenye gari la kijivu, akafungua mlango wa mbele, akamwita aje. Akaonyesha dashibodi. Kwenye ukingo wake palikuwa na vishimo viwili vidogo, vimekaa pamoja, kama alama za kijiko. Kisha akatoa meno yake mawili ya mbele, akayaweka kiganjani.

Kibogoyo alikwenda ofisini akarudi na bisibisi, spana na nyundo, akavua koti, akaanza kung'oa vyuma vya paa kwa mikono yake mwenyewe, jua la saa sita limemwakia kichwani. Alipomaliza alikagua breki, akabadilisha tairi moja. Wakabadilishana kadi na funguo, gari kwa gari.

Nyumbani binti yake, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alizunguka gari mara tatu bila kuamini. "Mama, ni letu? Kweli? Baba anajua?" Akarukia ndani bila kufungua mlango. Bibi alitoka jikoni akijifuta mikono, akalitazama kwa jicho lake moja, akapapasa mlango, akapapasa kiti, akainua mkono juu pale ambapo paa lingekuwa, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Hakukuta kitu.

"Ingia ndani ukafanye kazi zako za shule," akamwambia mjukuu. Msichana alipokwenda, bibi alisema, "Mwanangu atakaa wapi?"

"Atakaa hapo. Viti ni viwili, Mama. Mimi na yeye tunatosha."

"Na kwa nini halina juu?"

"Mama, unajua kwa nini."

Fundi alitegemea bibi aseme hajui. Alikuwa amejiandaa kueleza, hata alikuwa amefungua kifungo cha juu cha blauzi amwonyeshe bega. Lakini bibi alikaa kwenye kizingiti, akasema, "Niliona unavyoshuka garini. Mtu aliyepigwa hashuki kama wengine. Anashusha mguu mmoja kwanza, anauuliza kama utambeba."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Miaka saba, Mama."

"Nilijiambia angalau si nyumbani. Nikajiambia ameshika neno lake."

Fundi alifunga kifungo chake. Alikuwa na hasira na mumewe miaka yote hiyo, lakini hii ilikuwa ya aina nyingine, na aliogopa akifungua mdomo atamtukana mwanamke mzee. Akaingia ndani akawasha jiko. Siku mbili hawakuzungumza zaidi ya salamu.

Mkaguzi alirudi Jumamosi asubuhi. Gari la ofisi lilimwacha mwanzo wa mtaa, akatembea na mkoba wake wa mawe, anaitikia salamu kushoto na kulia. Alipofika getini akaliona gari la kijani, alisimama. Akalizunguka. Jirani aliyekuwa anaosha zulia nje alimwambia, "Hongera, Mkaguzi, umekuwa kijana tena," naye akatabasamu, akashukuru.

Mkewe alikuwa mlangoni. Hereni zake zilikuwa masikioni.

"Gari liko wapi?" Mkaguzi aliuliza.

"Ndilo hilo."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Twende tukazungumze."

"Twende," Fundi alisema. Akaingia upande wa usukani kabla mumewe hajaufikia, akafunga mkanda. Mkaguzi alikaa kando yake, mkoba magotini. Bibi alikuwa amesimama dirishani na mjukuu wake. Aliinua mkono kidogo, akaushusha.

Mtaa wao ulikuwa na nyumba zilizobanana pande zote mbili, na kila aliyekuwa barazani aliwaona. Mkaguzi aliwapungia. Bila kugeuza uso, bila kuacha kutabasamu, alisema, "Funga paa."

"Halina."

"Mwisho wa mtaa kata kushoto. Kule kwenye maghala."

Fundi alikata kulia, kuelekea barabara kubwa. Mkono wa mumewe ukashuka chini ya mkoba, ukapata paja lake kwa ndani, ukaminya na kusokota mpaka kucha zikazama. Machozi yalimtoka lakini mguu wake haukutoka kwenye mafuta.

"Geuza."

"Sigeuzi."

"Nitakuua wewe mwanamke," alisema kwa sauti ile ile aliyomwambia muuza nyama kwamba mizani yake imepungua.

Waliingia barabara kubwa, Jumamosi saa nne, maduka yamefunguliwa, watu wamejaa. Kwenye taa nyekundu walisimama kando ya lori la magunia. Juu ya magunia walikaa wapakiaji wanne, wanaume wenye vumbi mpaka kwenye nyusi, na kutoka pale juu waliliona gari lote kama sahani mezani.

"Mzee," mmoja aliita, "viti viwili tu. Watoto mnawafunga juu ya boneti?"

Wenzake walicheka. Mkaguzi naye alicheka, akiwa anaangalia juu, na mkono wake haukulegea.

"Toa mkono wako mguuni kwangu," Fundi alisema. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini hakukuwa na kioo wala redio, na maneno yalikwenda yalikotaka. Juu ya lori kicheko kilikatika.

"Punguza sauti."

"Toa mkono. Hutanipiga tena. Umenivunja meno, umenivunja mbavu, hutanipiga tena."

"Watu wanasikia."

"Wasikie."

Labda alisahau. Miaka saba mkono wake ulikuwa umezoea njia moja, na mkono ukizoea haungoji kuulizwa. Alimshika kisogo, akamgongesha kwenye usukani. Honi ililia. Akamgongesha tena, honi ikalia tena, na mara ya tatu pua ikavunjika, damu ikaruka mpaka kwenye kioo cha mbele. Taa ikawa ya kijani. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi yao, wakidhani anachelewesha makusudi. Mwanamke mmoja kwenye gari la kando alitazama, halafu akapandisha kioo chake. Fundi alikiona kioo kile kinapanda. Baadaye alisema hicho ndicho kilichomuuma kuliko pua.

Mkaguzi alifungua mkanda wa mkewe, akamshika taya amgeuze. Kidole gumba kilipita karibu na mdomo. Fundi akaking'ata. Alikiuma kwa meno yake na kwa yale mawili aliyoyamimina kwa mkono wake, akafunga taya, akasikia ngozi inaachia, kisha mshipa, kisha kitu kigumu. Mumewe alipiga ukelele. Katika ndoa yao yote ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake kubwa, na ilikuwa nyembamba kuliko alivyofikiri.

Kwa mkono mwingine Mkaguzi alifungua mkoba, akatoa jiwe la kilo mbili. Alilishusha begani kwa mkewe. Mfupa wa mtulinga ulikatika kwa mlio wa kijiti kikavu, na watu wa upande wa pili wa barabara waliusikia. Akaliinua tena, safari hii juu zaidi, akilenga kichwa.

Wapakiaji waliruka kutoka kwenye lori. Wa kwanza alitua juu ya boneti, akaushika mkono wenye jiwe, akaukunja mpaka jiwe likaanguka barabarani. Wa pili na wa tatu walimshika Mkaguzi kola na mkanda wa suruali, wakamvuta kupitia juu ya mlango, wala hawakuhangaika kuufungua. Walimpiga kama wanavyofanya kazi: bila maneno, kwa zamu, kwa mgongo wote. Miwani ilipondwa chini ya viatu. Ngumi ya kwanza ilimpasua shavu, ya pili ikamkalisha chini, mbele ya gari.

Kama ingeishia kwao, ingekuwa kipigo tu. Lakini watu walikuja mbio kutoka madukani, na waliokuwa nyuma hawakuona kilichotokea. Mmoja aliuliza, "Kafanya nini?" Mwingine akajibu, "Kaiba," na neno hilo likapita katika kundi haraka kuliko moto kwenye nyasi. Sasa walimpiga wasiojua wanampigia nini. Kipande cha bomba kilitokea. Tofali likatokea. Mkaguzi alijikunja, akafunika kichwa, na mtu akasimama juu ya kifundo cha mguu wake kwa makusudi, akaruka, mfupa ukaenda.

Fundi alikuwa bado ndani ya gari, mkono wa kushoto unaning'inia, damu inamtiririka kidevuni. Alitazama. Miaka saba alikuwa anausikia mlio huo kutoka ndani, kama ngoma kichwani mwake mwenyewe. Hakujua kwa nje ukoje. Kwa nje ulikuwa mlio wa nguo mbichi zinapigwa kwenye jiwe. Alikaa akausikiliza. Hakuna aliyemwambia ashuke, hakuna aliyemwambia abaki. Mumewe aligeuza uso upande wake, jicho moja limeziba, na la pili likamwona. Hakumwita. Alimwangalia tu, na Fundi akamwangalia.

Kisha kijana mwenye fulana nyekundu akaokota lile jiwe la kilo mbili, akalipima mkononi, akalinyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa cha aliyelala.

Fundi alilalia honi. Akakanyaga klachi, akapitisha mkono wake mzima mpaka kwenye gia, akaingiza, akaachia. Gari liliingia ndani ya kundi likiunguruma. Watu waliruka kando, mmoja alipanda boneti akadondoka, fulana nyekundu akagongwa nyonga, akaliachia jiwe. Gari likasimama, tairi la mbele shubiri moja kutoka mbavuni kwa Mkaguzi.

"Si mwizi," Fundi alisema. Mdomo ulikuwa umejaa damu, ikabidi arudie. "Si mwizi. Ni mume wangu."

Mpakiaji wa kwanza, aliyekuwa anahema, ngumi zimechubuka, akasema, "Dada, ndiyo maana tulimshusha."

"Najua. Mpakieni."

"Huyu?"

"Kazi yenu si kupakia? Mpakieni hapa."

Walitazamana. Wakamwinua, mmoja miguuni, wawili makwapani, wakamweka kwenye kiti cha abiria kama gunia lililopasuka, wakamfunga mkanda asianguke. Mmoja wao aliyaokota yale meno mawili ya bandia, yaliyokuwa yamemdondoka, kutoka sakafuni mwa gari, akamkabidhi Fundi bila kuuliza.

Alikwenda hospitali kwa gia ya kwanza njia nzima, maana hakuweza kubadilisha. Gari lilipiga kelele kama mnyama. Kila waliyempita alisimama akatazama: mwanamke mwenye uso mwekundu na mkono uliokufa, na kando yake mwanamume asiyetambulika, kichwa kinacheza. Muuza nyama mmoja alitoka mlangoni na kisu chake mkononi, akamtambua Mkaguzi kwa viatu, akabaki mdomo wazi.

"Funga," Mkaguzi alisema. Maneno yalitoka na povu.

"Nifunge nini?"

"Paa. Watu wananiona."

"Halina paa," Fundi alimjibu. "Nimelitafuta lisilo na paa."

Mkaguzi alijaribu kuinua mkono wenye kidole kilichotafunwa ajifunike uso. Ulifika kifuani, ukaanguka.

Hospitalini muuguzi wa dharura aliwaona wawili wanashushwa, akachukua fomu. "Ajali ya gari?" aliuliza.

"Ajali," Mkaguzi alisema kutoka kwenye kitanda cha magurudumu.

"Si ajali," Fundi alisema. "Mimi nimepigwa na huyu. Huyu amepigwa na watu. Andika hivyo hivyo."

Muuguzi alisimamisha kalamu, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akaandika.

Bibi alifika na mjukuu wake mchana. Mwanawe alikuwa ametolewa wengu, mguu uko kwenye plasta, uso umevimba kama mkate uliozidishiwa hamira. Bibi alisimama kando ya kitanda chake.

"Uliniapia," alisema.

"Nyumbani sijawahi, Mama. Hata siku moja."

Bibi alimtazama kwa jicho lake zima, akageuka, akaenda wodi ya wanawake. Alimkuta mkwewe amefungwa bega, pua imejazwa pamba. Alikaa kwenye kiti, akataka kumshika mkono. Fundi aliuvuta mkono wake, akauweka chini ya shuka. Bibi hakuondoka. Alikaa hapo mpaka walipokuja kumfukuza muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, na kesho yake akarudi akakaa vile vile.

Kesi haikuchukua muda. Wapakiaji walikuja kusema waliyoyaona, na mwenye duka la simu alikuwa amerekodi tangu honi ya kwanza. Watu waliomvunja mguu hawakupatikana, wala hakuna aliyewatafuta kwa bidii. Mkaguzi alihukumiwa miaka mitatu. Alikwenda akichechemea, hakumtazama mtu. Talaka ilitoka kabla hajamaliza mwaka wa kwanza. Wakati kesi ikisikilizwa, bibi alisimama kizimbani bila kuitwa na upande wowote, aliomba mwenyewe, akasema alijua tangu mwaka wa kwanza na alinyamaza. Hakimu alimuuliza kwa nini anayasema hayo sasa. Bibi akaonyesha jicho lake lililokufa, akashuka. Siku hiyo ndipo Fundi, aliyekuwa amemwondoa nyumbani tangu atoke hospitali, alipomruhusu kurudi kukaa chumba cha karibu na jiko, ingawa ilichukua muda mrefu zaidi ya hapo kumwita Mama.

Jioni moja, hukumu ikiwa imepita miezi kadhaa, Fundi na binti yake walikuwa wanaosha vyombo. Msichana alikuwa ameiona ile picha iliyorekodiwa na mwenye duka la simu. Shuleni wote walikuwa wameiona. Alisugua sufuria moja muda mrefu, akasema bila kuinua uso:

"Mama, mle kwenye picha, wakati wanampiga Baba. Wewe umekaa."

"Nimekaa."

"Mkono ulikuwa umevunjika. Ndiyo maana hukupiga honi haraka."

Fundi angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa pale, msichana mwenyewe amemwekea mdomoni. Alipangusa sahani pande zote mbili, akaiweka juu ya nyingine.

"Hapana," alisema. "Mkono wa kulia ulikuwa mzima. Nilisubiri."

"Ulisubiri nini?"

"Sijui. Nilitaka wampige. Nilipoona atakufa, nikataka wasimpige. Katikati hapo nilisubiri."

Msichana aliendelea kusugua. Sufuria ilikuwa safi zamani. Mama yake aliichukua taratibu kutoka mikononi mwake, akaisuuza, akaifunika juu ya meza ikauke, na wote wawili wakabaki wamesimama pale mbele ya maji, mikono imelowa, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka.